Maji ya Kunawa

Mke mwenzangu Leokadia,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Pito tumeshavuna ulezi, baridi imetukalia, na babu yako anakuulizia kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Unauliza kama ni vibaya wauguzi wenzako kuwaita wagonjwa wazee "watoto". Nilipoanza uuguzi, wodini alilazwa mzee kutoka Milepa. Mikono ilimtetemeka, lakini kila akilishwa kwa kijiko alifumba mdomo. Watu wakasema ameshakuwa mtoto. Siku moja muuguzi wetu mkuu, mama mtu mzima, akakiweka kijiko pembeni. Akapiga magoti na beseni, akammiminia maji ya kunawa kama tunavyofanya nyumbani. Mzee akanawa, akashukuru, akala ugali kwa mkono wake mwenyewe. Mchuzi ukamwagika kitanda kizima.

Nikasema, "Mama, shuka!"

Akanijibu, "Shuka hufuliwa, binti."

Siku hizi mikono yangu nayo inatetemeka. Jana mama yako mdogo alinijia na kijiko, huku akinibembeleza. Nikamwambia, "Kirudishe jikoni, mwanangu. Niletee maji ya kunawa."

Bibi yako