Mzigo Ulioingia wa Kwanza

Zuhura mjukuu wangu,

Salamu kutoka Guangzhou. Mimi mzima, goti tu ndilo linalodeka na baridi. Mjomba wako yuko mtaa wa maduka ya jumla wa Yide Lu tangu asubuhi, ananunua madaftari ya duka.

Umeniuliza: yule Mmarekani mkuu wa benki kuu yao alisomea sheria, wala si uchumi, walimwaminije na benki ya nchi nzima?

Ya kwao siyajui, nakupa yangu. Nilipoanza safari za huku nilikuwa kijana, mwalimu aliyeacha chaki juzi tu. Tulichangia kontena moja watu kumi. Pale bandari ya Huangpu kila mtu akataka mzigo wake upakiwe mwisho, karibu na mlango, ili Dar utoke wa kwanza. Ugomvi huo! Wakanisukumia mimi: “Mwalimu, amua.” Nikamsikiliza kila mmoja mpaka akamaliza, kama darasani, ndipo nikapanga.

Mzee mmoja akanuna. “Mwalimu wa chekechea atajua nini habari za mizigo? Wa kwako si uko mlangoni?”

“Wangu uliingia wa kwanza, mzee. Uko ndani kabisa, utatoka wa mwisho.”

Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena nilisomea nini.

Msalimie mama yako.

Bibi yako