Picha ya Jikoni

Jumamosi, 13 Mei

Nimempata! Tangu dhoruba ya Oktoba ilipolamba ufuo nilidhani wamekwisha kabisa. Leo asubuhi, nyuma ya tuta la kaskazini — mrukamchanga! Mbawakawa mwenyewe, rangi ya shaba, mistari ya maziwa mgongoni, taya kama mkasi. Anakimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena. Nikamsogelea kwa tumbo, mchanga hadi ndani ya soksi. Akaruka, akatua mbele kidogo, akanigeukia. Kama ananicheka!

Picha zote ukungu mtupu. Moja ina mguu. Mguu tu! Sijali.

Nimemwambia Troels peke yake. Ni mume wangu, ndiye mwenzangu wa kamera miaka yote hii — nimwambie nani mwingine? Akauliza tuta lipi hasa. Nikamwelekeza hadi kichaka.

Jumatatu, 15 Mei

Nimefungua jokofu nichukue siagi. Nyuma ya samaki wa siki kuna chupa ya jamu. Ndani yake — yeye. Amekunja miguu.

Nikapiga kelele. Troels akaja na trei yangu ya kuokea, kaijaza mchanga! Taa ya kusomea kaiinamisha mezani iwe jua la asubuhi. Hana hata haya. Eti baridi inamlegeza tu, atatulia, kila mpiga picha anafanya hivyo.

"Jytte, mpenzi, ni mdudu. Hajui kama yuko jikoni."

"Na wewe unajua uko wapi? Mrudishe!"

Akaniapia kwamba jioni atamrudisha. Picha kwanza.

Jumanne, 16 Mei

Amekufa. Hakumrudisha — mvua ilinyesha, akaona uvivu, akamtia tena kwenye baridi.

"Labda alikuwa mzee," anasema. Mzee! Alikuwa jike. Mayai yake angeyataga kwenye mchanga wetu. Nimemwambia hivyo, akanyanyua mabega na kujimiminia kahawa.

Nimehamia chumba cha binti yetu. Mlango nimeufunga kwa kishindo, mara mbili, maana mara ya kwanza haukusikika vizuri.

Ijumaa, 26 Mei

Maonyesho ya chama chetu cha wapiga picha, maktabani. Picha ya Troels katikati ya ukuta, kubwa kama dirisha. Na chini: "Mrukamchanga, ufuo wa kaskazini, alfajiri." Alfajiri!

Nilinyamaza. Naapa nilinyamaza. Nikala mkate wa mdalasini, nikatazama picha za ndege. Kisha Merete wa maktaba akamuuliza mbele ya watu wote ilikuwaje. Naye akaanza! Jinsi alivyotambaa gizani. Jinsi upepo ulivyomkata masikio. Jinsi mdudu alivyomtazama machoni, akajua ameaminiwa.

Ameaminiwa!

Sikujua kama ni sauti yangu. "Ilipigwa jikoni kwangu. Alikuwa kwenye jokofu. Amekufa."

Mtu mmoja akakohoa. Merete akashika kikombe kwa mikono miwili kama kitakimbia. Troels akawa mwekundu kuanzia shingoni, kisha akachukua koti. Aliacha picha, akaniacha na mimi.

Nimerudi kwa miguu. Sijutii. Sijutii hata kidogo.

Jumapili, 28 Mei

Duka la mkate. Jirani ananinong'oneza: si ungemwambia nyumbani tu? Nyumbani! Nilimwambia nyumbani!

Picha imeshushwa. Troels anaosha vyombo ambavyo ni safi.

Jumatano, 31 Mei

Nimekuja ufuoni na kamera, kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtu. Na nani kalala nyuma ya tuta? Troels. Kifudifudi, bila kofia, kipara kimeiva. Mchanga umejaa mpaka kwenye mikunjo ya suruali — kafika mapema sana. Magoti yake mabovu yale! Bado nina hasira. Nimekaa huku juu kwenye nyasi, hajaniona.

Wapo! Wawili! Dume kampanda jike, kamshika kwa taya, na jike anakimbia naye hivyo hivyo. Wako nyuma ya kiatu cha Troels. Yeye lenzi yake inatazama baharini, upande usio na kitu.

Nimepiga. Macho, manyoya ya miguu, kila kitu. Nimeipata!

Mlio wa kamera kausikia. Hakugeuka — anajua akigeuka watapaa. Ameuliza polepole, uso bado mchangani:

"Jytte? Wako wapi?"

Ninaandika ili mikono iwe na kazi. Jike amesimama. Kachovya mkia kwenye mchanga, anataga, hapo hapo kando ya kisigino cha Troels.

Ameuliza tena. Mguu wake umeanza kutetemeka, ukisogea kidogo tu utamponda jike —