Baba, Swichi Sikuifunga Mimi

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na mvua, imewafikia hapo Butiama au mnaitazama tu ikipitia Musoma? Mimi mwili ni mzima. Kaka Magesa, msomee Baba yote, usiruke kitu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitadanganya tena.

Ile siku ya kuingiza mashine mpya ya kufua umeme kwenye gridi ya taifa, kompyuta inayofanyaga kazi hiyo iligoma. Msimamizi wetu, Bwana Luhende, akaniambia, "Nyangeta, ingiza kwa mkono." Wageni walikuwa wamejaa chumba cha mitambo. Baba, ni kama kumtia ng'ombe kwenye nira wakati mwenzake anatembea: lazima kwanza walingane mwendo. Kuna mshale unazunguka kama wa saa. Ukifika juu, unafunga swichi ili umeme uungane. Ukikosea, mashine inatikisika, hata kuvunjika.

Mshale ukafika juu. Mkono ukakataa. Mshale ukazunguka, ukafika tena.

"Funga!" Luhende akasema. "Sasa!"

Nikabaki nimeshika swichi mbele ya watu wote. Rehema, fundi mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, akanisogeza taratibu kwa bega, akausubiri mshale, akafunga. Mashine ikaingia kimya kabisa. Wageni wakampigia makofi.

Ile picha ya mkono wangu kwenye swichi ilipigwa kabla. Nilimtumia Magesa, sikujua ataionyesha kanisani. Halafu ukapiga simu unalia kwa furaha, padri amekusimamisha mbele ya watu, umechinja mbuzi. Ukaniuliza, "Ni wewe kweli, mama?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Rehema alikuwa amekaa kitandani kwake, akasikia. Alitoka nje.

Nimemwomba msamaha, ameitikia tu kwa kichwa. Luhende ameniuliza kama nataka kuhamia stoo, nikatunze vipuri. Nimekataa. Mashine imezimwa kwa matengenezo, kesho inarudishwa, na nimeomba niiingize mimi. Sijui kama mkono utakubali. Ukikataa, hilo nalo nitakwambia.

Watu wa kanisani usiwaambie wewe, utaumia bure. Nikija likizo nitasimama mwenyewe.

Msalimie Mama, bibi wa Kiriba, na mjomba anayevua Mugango. Shangazi nimesikia ananitungia wimbo. Mwambie, tafadhali, asiumalize kwanza.

Mwanao anayeona aibu,
Nyangeta