Baiskeli Tutakayoifikia Wote

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Miguu si yangu, kama ya kuazima. Kilima cha hospitali nimekipanda asubuhi, nikakipanda tena mchana, shehena ya mashuka nyuma, mnyororo unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Lakini sikushuka! Mwingine angetema bandama pale katikati.

Jioni Mama Dobi katuita mimi na Dada. Mama Dobi ndiye mwenye duka letu la dobi, bosi, mwanamke anayesema jambo mara moja tu. Kasema huu mkweche wa baiskeli umefika mwisho, atanunua baiskeli ya umeme. Moja. Asubuhi niendeshe mimi, mchana aendeshe Dada. Na mimi ndiye nikachague! Kasema mbele ya wafuaji wote: Nukta anazijua baiskeli.

Nukta ni mimi. Walinibandika jina hilo shuleni kwa sababu ya kimo, wakidhani nitalia. Nikawaambia nukta ni ndogo lakini sentensi zote zikifika kwake zinasimama. Shule yenyewe niliiacha njiani. Jina likanifuata.

Dada anapiga pasi chumba cha nyuma, miaka nenda rudi. Daktari kamwambia mvuke na kifua chake havikai nyumba moja, achague kimojawapo. Ndiyo sababu ya zamu ya mchana — atoke, avute hewa kama watu. Nilidhani atarukaruka. Wapi! Kaendelea kukunja shati, kaniambia: Wewe mtoto, chagua tutakayoifikia wote wawili. Maana yeye na mimi tuko sawa kwa kimo, hakuna wa kumcheka mwenzake. Ukoo wetu ulipimwa kwa kamba iliyobakia.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Dada hakuja, mashuka ya hoteli yalimfunika. Muuzaji ana miwani minene kama vitako vya chupa, basi ni Miwani.

Za kubebea mizigo zilikuwa mbili. Nyeusi na nyeupe. Nyeusi — jamani! Matairi mapana, chuma cha juu kimenyooka, imesimama lakini unaiona inakimbia. Nyeupe ina magurudumu madogo, fremu imeshuka katikati mpaka karibu na pedeli, unapitisha mguu kama unavuka kizingiti. Nikamwambia Miwani hiyo ni ya bibi anayepeleka mayai sokoni. Hakucheka.

Kasema watu hununua kwa macho halafu huendesha kwa miguu. Kashusha viti vyote viwili mpaka mwisho. Kaa, kasema, weka nyayo chini, si ncha za vidole. Kwenye nyeupe nyayo zote zikalala sakafuni. Kwenye nyeusi nikasimama kama mcheza densi. Kaniambia tena betri ya nyeusi iko juu, baiskeli ikianza kulala upande itakuburuta, mtu wa kimo chako hataweza kuizuia. Kimo changu! Nikamjibu mimi nikisimama nasimamia mguu mmoja, kama korongo. Kauliza nani mwingine ataiendesha. Dada yangu. Ana kimo gani? Nikasema cha wastani. Sijui ulimi ulienda wapi kuokota neno hilo.

Mlangoni kulikuwa na wabeba mizigo wawili, warefu kama ngazi, wananitazama. Basi nikaishika nyeusi, nikarusha mguu nyuma juu ya keria — fyuu! — nikatua kitini. Nikazunguka uwanja wa duka. Mmoja kapiga mluzi. Nikasema ndiyo hii.

Miwani kasema ikitushinda mwezi huu irudishwe nzima, na sababu itajwe. Kunishinda mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Aibu.

Asubuhi fundi kafunga sanduku. Sanduku la dobi si la mtu wa barua. Nguo zilizopigwa pasi hazibanwi, zinalazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na ubao wake, kwa hiyo ni refu kama kabati. Likiwa juu ya keria linanifika begani. Wafuaji wote wametoka kuona. Nikashika usukani, nikarusha mguu — fyuu — paa! Kisigino kwenye ubao. Fundi kauliza kama nabisha hodi.

Keria tupu! Pale dukani nilirusha mguu juu ya keria tupu, mimi ninayebeba sanduku kila siku ya Mungu. Huko nyuma kwenye mkweche nilikuwa naulaza chini nusu, naingia, nainuka nao. Huyu mnyama halazwi. Ukimlaza hainuki. Nikajaribu kwa mbele, chuma cha juu kikanifika pahala pasipopenda kufikiwa na chuma. Mwishowe nimeisogeza kwenye ngazi za mlango, nikapanda ngazi, nikapanda baiskeli. Kama bwana harusi anapandishwa farasi.

Mchana Dada katoka. Kavaa suruali, kafunga kitambaa vizuri, kapiga viatu rangi. Viatu ndivyo vilivyoniumiza. Kapandia ngazini, kaenda hatua chache nimemshikilia, katafuta ardhi kwa mguu. Hakuna ardhi. Baiskeli ikaanza kulala, tukaidaka wote wawili. Karudia. Vile vile.

Kauliza, ulikaa juu yake kabla? Nikasema ndiyo. Miguu ikafika? Nikasema ukizoea itafika.

Kasema, miguu inazoea, mdogo wangu, lakini hairefuki.

Karudi ndani kachomeka pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu zote mbili nimezifanya mimi, jana na leo. Mama Dobi nimemwambia Dada bado anajifunza. Kasema haya.

Kilima sasa si kitu! Betri inakimeza, napanda nikipiga mluzi, nawapita wenye miguu yao. Kilichobaki kigumu ni kusimama. Nani aliwahi kusikia mtu anachoka kwa kusimama? Nazijua sasa ngazi zote za mji huu, kila ukingo wa barabara, kila tofali lililosahauliwa. Mteja akikaa mahali pasipo na kitu cha kukanyaga, namtupia maneno matamu tu ili aje mwenyewe barabarani kuchukua nguo zake. Taa nyekundu ndiyo adui. Nikiiona kwa mbali natafuta cha kushika — nguzo, lori, chochote. Leo nimeshika bega la mzee aliyesubiri kuvuka. Kasema, kijana, mimi ni nguzo ya umeme? Nikasema shikamoo, baba, taa ikibadilika nakuachia. Kacheka mpaka akakosa kuvuka.

Mng'arisha viatu wa njia panda kanisogezea stuli yake. Kasema, Nukta, kumbe siku hizi una stesheni. Nikasema wakubwa wote wana stesheni. Nilitaka kulia.

Mikono imekufa ganzi kwa kushika nguzo. Mwandiko wenyewe ndio huo.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kazi. Shingo imekaza. Dada kakohoa akiosha vyombo, kafungua bomba kwa nguvu ili nisisikie.

Nimesikia.

Jumatatu, 10 Machi

Imeanguka.

Ile njia panda, upande wa pili, kusiko na stuli. Taa nyekundu. Nilikuwa naiwahi nguzo, gari dogo likajibanza mbele yangu. Nikafunga breki, nikanyoosha mguu. Ncha ya kidole ikagusa maji ya mtaro tu. Ikaanza kulala — polepole! Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa na wakati wa kuisomea dua. Nimeing'ang'ania mpaka mishipa ikaimba, lakini sanduku lilikuwa limejaa, likaamua. Mimi mzima. Baiskeli nzima, matope tu, sanduku ndilo lililopokea. Vitambaa vya meza vya hoteli, makoti meupe ya zahanati, vyote mtaroni. Dereva kafungua kioo kaniuliza, mtoto, mama yako anajua umechukua baiskeli yake?

Nikainama kuokota makoti. Nukta nzima, mtaroni!

Nimekokota mpaka dobi. Mama Dobi kaangalia sanduku, kaniangalia mimi kama nimevunjika mahali, kaona sijavunjika, ndipo kaanza kutukana. Wafuaji wamefua upya. Kupiga pasi ni Dada, nani mwingine? Chumba kilikuwa mvuke mtupu, namwona mkono tu na pasi. Nikasema nipe nikusaidie. Kasema utaunguza. Nikasimama mlangoni kama ufagio. Kila tabaka alilomaliza alikohoa, akaweka ubao, akaanza jingine. Hakunilaumu. Bora angenipiga.

Jumanne, 11 Machi

Mama Dobi kasema. Mara moja tu, kama kawaida yake. Mpaka Ijumaa Dada awe anaendesha, la sivyo zamu ya mchana anampa mpwa wake. Huyo mpwa ni mlingoti, hiyo nyeusi kwake ni kiti cha kulia chakula. Na Dada? Nikauliza. Dada atabaki kwenye pasi, kasema, si amekataa mwenyewe? Siku zote hizo anajifunza kitu gani?

Dada alikuwepo. Angeweza kusema. Kanitazama tu, kisha kainama kuokota kibanio kilichoanguka.

Nyumbani nikamwambia, kwa nini hukusema baiskeli imekupita kimo? Kasema, si yangu kusema. Sikuichagua mimi. Halafu kaniwekea chakula, nyama nyingi upande wangu. Sikukimaliza. Mimi!

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa dukani, benchi la mlangoni. Nimewahi asubuhi kabla ya mzunguko wa kupeleka nguo. Nimeivuta kwa mkono njia nzima, nimeiosha, inang'aa kuliko nilivyoinunua.

Miwani kaniona, kasema, korongo kaja. Nikasema nataka kubadilisha, nipe nyeupe. Kasema imebaki ile moja. Sababu? Nikasema betri inaisha haraka. Kaichomeka kwenye kipimo — nzima. Nikasema breki. Kazijaribu — kali. Nikasema basi ni nzito. Kaivua miwani yake, kaifuta, kasema: Kijana, sababu. Mwenye mali ni nani? Kampigia Mama Dobi mbele yangu. Mama, baiskeli yako haina kasoro, kijana wako anataka kuirudisha na hasemi kwa nini. Nikaisikia sauti yake mpaka huku: Asiondoke hapo, nakuja na dada yake, aseme mbele yetu sote.

Nikamwomba Miwani aniwekee nyeupe kando walau mpaka wafike. Kasema hawekei mtu kitu bila sababu.

Kuna mama mmoja kaingia, mfupi, mkoba begani. Kaizunguka nyeupe. Kakaa. Nyayo zote chini, papo hapo. Kacheka peke yake.

Nimejaribu maneno kimoyomoyo, yote yanakuja yamevaa kilemba. Baiskeli ya kisasa mno. Barabara zetu mbovu. Dada hapendi — hapana, Dada simtii humo. Haya, naandika kisha nisome tu: Mama, baiskeli haina kosa. Mimi ndiye nisiyeifikia, na nilijua tangu siku ya kwanza.

Imekaa kwenye karatasi kama mtu aliyevuliwa nguo.

Nawaona wanavuka barabara. Mama Dobi mbele. Dada nyuma yake, mkono kifuani, anahema, wametembea haraka mno. Huyu mama wa mkoba kashuka, kauliza kama anaweza kuijaribu nyeupe hapo nje. Miwani kashika ufunguo, hajampa, ananitazama mimi, anasubiri sababu.