Swali la Mama Rehema

Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Kariakoo yote ni tope, na mimi najichukia.

Nafundisha baiolojia kwenye kituo cha masomo ya ziada, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaorudia kidato cha nne. Mama Rehema, muuza vitunguu sokoni, ndiye mkubwa kuliko wote. Hata mimi namwamkia.

Leo alituletea kitunguu cha somo. Tukabandua ngozi yake nyembamba ya ndani, tukaidondoshea iodini, kila mtu akachungulia kwenye hadubini. Seli zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake. Kisha tukakwangua ndani ya mashavu yetu wenyewe. Huko hakuna ukuta, ni utando laini tu, na seli zimekaa ovyo ovyo. Nikaongezea ubaoni: majani yana kloroplasti za kujitengenezea chakula, seli ya mmea ina vakuoli kubwa iliyojaa maji. Sisi hatuna.

Mama Rehema akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa kuwa hazina ukuta, ndiyo maana za mwanangu zilikuwa zinapinda?"

"Hilo halimo kwenye mtihani, mama."

Darasa likacheka. Mapumziko yalipofika akaondoka.

Katibu wa kituo ndiye aliyeniambia. Rehema alifariki mwaka jana kwa selimundu, ugonjwa unaopinda chembe za damu kama mundu. Mama yake amerudi shule ili aelewe madaktari walikuwa wanasema nini.

Sikujua. Wala sikuwahi kuuliza.

Nikamfuata sokoni. "Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nijibu basi."

Nikamjibu. Si ukuta, seli za damu za binadamu yeyote hazina ukuta, na za wengi wetu hazipindi hivyo. Ni kasoro ndani ya chembe nyekundu, na mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili.

"Na mimi nimo?"

"Wewe na baba yake. Mlikuwa wazima, mama. Msingeweza kujua."

"Kwa hiyo nilimpa mimi," akasema, akageuka kumpimia mteja vitunguu. Hakunitazama tena.

Nilienda kuomba radhi, nikamwachia kidonda kingine. Ningemdanganya? Nimerudi nyumbani Magomeni na nguo zimelowa.

Kesho kipindi chake ni saa nane mchana. Sitaanza kufundisha mpaka nione kama amekuja.