Posa niliyowachezesha watoto

Jumanne, Hopkins, Marekani. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi, rangi ya sufuria iliyokosa kusuguliwa, na nje kunanyesha ile mvua ya barafu ambayo haijaamua kuwa theluji. Mume wangu Twalib yuko kazini Maple Grove. Nimepika chai ya watu wawili kwa mazoea, kisha nikakumbuka niko peke yangu.

Kwenye daftari hili huwa naandika raha. Nimeandika kuhusu harufu ya mashati yake, kuhusu anavyosubiri nifunge mkanda kabla hajawasha gari, kuhusu miezi hii minne ambayo kwangu ni fungate moja ndefu. Leo nina aibu. Nisipoiandika itaoza ndani.

Jumatatu na Jumatano huwa nasaidia watoto wakitoka shule, kwenye ukumbi wa chini wa majumba yetu. Ni kumi na mmoja, wa miaka minane, tisa. Wengi ni Wasomali na Wameksiko. Wawili ni Wakenya, wanaoelewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza. Na yuko Kayla, ambaye ni Mdakota. Wadakota ndio wenyeji wa ardhi hii, tangu kabla hapajaitwa Hopkins wala Minneapolis.

Hilo nililijua. Sitajisingizia kutojua.

Wiki hii msimamizi alinipa karatasi mbili za kuwasomea: jinsi wenyeji wa hapa walivyokutana mara ya kwanza na wageni kutoka Ulaya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mitumbwi na ngozi za wanyama, watu wakibadilishana blanketi na shanga. Nikaupenda. Wa pili sikuufungua. Ningetaka kusema ni kwa sababu mimi ni wa kidato cha nne na Kiingereza kirefu kinanichosha. Uongo. Nilikuwa nachati na mume wangu kuhusu biriani.

Basi nikabuni mchezo. Siku hizi kichwani mwangu kila kitu ni harusi, na niliposoma wageni walikuja na zawadi, niliona posa. Kwetu Mombasa wazee wa mwanamume huja na masinia, wakabisha hodi, wakakaribishwa, wakazungumza kwa mafumbo kuhusu ua walilolitamani, kisha vigelegele. Nikaleta leso zangu mwenyewe za harusi. Wavulana nikawafanya wageni, na sinia la shanga na kioo. Wasichana wakawa wenyeji. Kayla nikampa nafasi ya heshima, ndivyo nilivyodhani: awe mama wa nyumba. Kazi yake kusimama mlangoni, kufungua mikono na kusema, "Karibuni, hapa ni kwenu."

Kayla akasimama. Mikono akaiacha ubavuni.

"Sema, mama, wageni wanachoka na mzigo!" nikamhimiza.

Akaliangalia sinia, akaniangalia mimi. "Nikiwaambia ni kwao, sisi tutalala wapi?"

Nikacheka.

"Nyinyi mtakuwa harusini, mtalala saa ngapi?" nikamjibu, na chumba kizima kikacheka nami. Mvulana mmoja akaanza kuimba, "Kayla anaolewa, Kayla anaolewa!" Nikamrudisha mlangoni mara ya pili, kisha ya tatu, simu yangu ikirekodi. Ya tatu akayasema maneno, sauti ndogo, macho kwenye viatu. Nami nikapiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Nyanya yake alikuwa amefika kumchukua, na mara hiyo ya tatu aliiona. Ni dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, funguo zimening'inia shingoni. Akasubiri watoto waanze kuvaa majaketi. Mimi nilikuwa nimeshamtumia Twalib video, na mioyo mitatu juu yake. Ndipo nyanya akaniita pembeni. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Akaangalia hina iliyobaki kwenye kucha zangu. "Bi harusi?"

"Ndiyo. Miezi minne."

"Hongera. Huyo mumeo aliuliza kwanza?"

"Walikuja wazee saba," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

"Kwetu hakuja mzee yeyote kuuliza. Walikuja na mikataba, wakachukua ardhi, halafu wakatufukuza jimbo zima. Kabla ya hapo waliwafungia wanawake na watoto chini ya ngome, majira yote ya baridi, na wengi hawakutoka. Ukienda uwanja wa ndege unapapita." Akamvutia Kayla zipu hadi kidevuni. "Jumatano haji."

Ungedhani nilirudi nyumbani nikalia. Hapana. Nilikuta Twalib, kwa kunionea fahari, ameshaiweka video kwenye grupu ya familia. Mavyaa, mama yake, alikuwa ametuma sauti kutoka Mombasa: "Mashallah, mke wa mwanangu! Umewafunza Wamarekani adabu ya kupokea wageni!" Mashangazi wakamwaga maua. Na mimi, maneno ya yule mama yakiwa bado moto masikioni, nikaandika, "Asante mama, najitahidi."

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kosa la kwanza lilikuwa la upumbavu. Hili la pili nilikuwa macho.

Wakati wa kula nikamweleza Twalib yote. Nilitaraji aniambie usijali habibi, kama kawaida yake, kisha anitilie nyama kwenye sahani. Mkono wake ukasimama juu ya wali.

"Rukia," akasema polepole, "na shamba la babu yako je?"

Basi.

Babu alimkaribisha mtu shambani kwetu Mtwapa kabla sijazaliwa. Mtu yule alikuja na kilo mbili za sukari na kikoi, akaomba mahali pa kibanda cha muda. Babu akamwambia, "Karibu, hapa ni kwenu," maana kwetu mgeni haambiwi jingine. Mgeni akaenda ofisi ya ardhi. Leo hati ni ya wanawe, na baba yangu anaitwa skwota chini ya minazi iliyopandwa na baba yake. Nimekua nikiyasikia hayo tangu natambaa. Katika watu wote wa mji huu, mimi ndiye niliyepaswa kumwelewa mtoto anayeuliza atalala wapi.

Nikamcheka.

Nikanawa mikono nikaenda kuusoma ukurasa wa pili. Ngome ilikuwemo, na mikataba, na zaidi ya aliyonieleza yule mama. Ni ukurasa mmoja tu. Dakika sita.

Leo asubuhi nimemwomba Twalib aifute video, kisha nikaandika kwenye grupu: "Msinisifu. Somo lilikuwa la uongo, na mtoto nilimlazimisha." Baada ya muda mavyaa akapiga. "Mwanangu, makosa hayaanikwi kama nguo." Nikamwambia, "Haya niliyafanya mbele za watu, mama." Akasema haya, akakata. Ndiyo mara ya kwanza nimempinga.

Saa kumi, Kayla akiwa ametoka shule, nikampigia nyanya yake. Namba nilipewa na msimamizi, baada ya msimamizi kumwomba nyanya ruhusa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu. Hakuitaka.

"Mimi hukunifanyia kitu," akasema. "Subiri." Akampa Kayla simu.

Nikamwomba msamaha. Nikasema nilikosea kumlazimisha, na kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu lote.

"Nitasema tena yale maneno?"

"Hapana. Hutasema tena."

"Utawaambia waliocheka?"

"Nitawaambia."

"Na kwamba wewe ndiye uliyecheka kwanza?"

Nikavuta pumzi. "Ndiyo, Kayla. Na kwamba mimi ndiye niliyecheka kwanza."

Nikasikia televisheni ya katuni upande wa pili. "Nitafikiria kuja," akasema, na simu ikakatika.

Kesho darasa ni saa tisa na nusu. Aje asije, nitasimama mbele yao. Watoto kumi na mmoja wananitisha kuliko kadhi na ukumbi mzima wa wageni wa harusi yangu. Tangu nikate simu niko na kalamu mkononi, na sentensi ya kwanza nimeipata: "Jumatatu niliwafundisha uongo, na Kayla alipouliza ukweli, mimi ndiye niliyecheka kwanza."

Ya pili bado naitafuta.