Jumamosi ya Pili

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Siku nzima barabarani, mchana tumevuka mpaka, gesti tumeingia jioni. Njiani Baba ameomba mara nne, kila mara kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa cha basi. Tumevaa fulana za njano zilizoandikwa kifuani: FAMILIA YA REHEMA. Hata mpakani! Afisa wa uhamiaji aliyasoma maandishi, akamtazama Baba, akayasoma tena. Hakucheka. Mimi ningecheka.

Lakini humu nitaandika kweli tupu: safari hii nimeisubiri mwaka mzima. Nilidhani tukiwa mbali na nyumbani tutakuwa watu wengine. Nimeleta penseli kumi na mbili na vitabu vyangu vya hadithi vya zamani. Labda nitafaa kitu.

Mama hajakaa hata dakika tano, ameshalalamika shuka zina unyevu. Ameitwa dobi wa gesti — mwanamke mwembamba, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Akaomba radhi kana kwamba mvua ameileta yeye.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kwanza kwenye makao ya watoto. Nyumba tatu ndefu, uwanja wa vumbi, ukumbi, geti la bati lenye kidirisha cha mlinzi. Wametupokea kwa wimbo. Shangazi akalia. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kujifunza siku za wiki!

Kaka aligawa biskuti. Alimpa mtoto mmoja mdogo, picha ikatoka na ukungu. Basi akamnyang'anya ile biskuti ili ampe tena. Imeshang'atwa! Akaigeuza upande mzima. Mtoto akapokea mara ya pili na akatabasamu mara ya pili, vizuri kuliko ya kwanza. Amezoea.

Mama anakumbatia mtoto, anajipaka kitakasa mikono, anakumbatia mwingine. Hata hajifichi.

Jioni Baba amenipa karatasi. "Binti yangu, wewe una sauti nzuri. Utasoma ushuhuda kwenye hafla ya kuaga Jumamosi, Kaka atakurekodi, kanisani wataona." Nikafurahi, kwa kweli. Kisha nikaisoma. Imepigwa chapa tayari. Tarehe ya juu ni ya Julai. *Nilikutana na ……………, msichana wa rika langu. Hana mtu duniani. Kabla hatujaja hakuwahi kukumbatiwa.*

Nikamuuliza hizo nukta ni za nini.

"Tafuta mmoja wa umri wako, ujaze jina."

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba shahidi ni mtu aliyeona. Mwalimu huyo ni Baba!

Jumatano, 6 Agosti

Tumeigiza mchezo wa kondoo aliyepotea. Shangazi ndiye kondoo, na sufu kichwani. Katikati akasahau maneno. Watoto wakamkumbusha — safu nzima! "Sasa shangazi unatakiwa ulie halafu unase kwenye miiba." Kumbe kila kikundi cha wageni kinaleta mchezo huohuo. Wa kwetu ni wa saba. Mmoja akasema kondoo wa mwezi wa tano alikuwa bora, alipanda hadi juu ya meza.

Shangazi anasema watoto hawa wana njaa ya Neno. Jamani, Neno wanalijua kuliko yeye.

Mchana nilisukwa nywele na msichana mmoja, miaka kumi na minne kama mimi. Wote wanamwita Msusi. Mikono myepesi, mdomo mkali. Akaniambia, "Nyie wa njano mna mambo. Yule baba yako akiomba, kuku wanakimbia." Nikacheka hadi akanivuta nywele nitulie. Nikampa kitabu kimoja. Akafungua katikati, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kukwama, kisha akaniambia, "Cha watoto hiki." Ndiyo, cha watoto. Nimeona aibu.

Nikamuuliza Jumamosi baada ya hafla tufanye nini. Akasema hawezi kunipangia, Jumamosi ya pili ya mwezi ni siku ya kutembelewa. Mama yake anakuja.

Nikasema, "Mama yako?"

"Enhe. Kwani wewe huna?"

Anafua pale gesti mnakolala, akaniambia. Mwembamba. Utakuwa umemwona.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwona. Nimemwamkia kwenye kamba za nguo, nikashika upande mmoja wa shuka tukakamua. Nikamwambia nimesukwa na binti yake. Akashika mistari kichwani kwangu mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayesoma barua. "Huu wa pembeni kauacha mnene," akasema. "Ana haraka yule. Kama baba yake, Mungu amrehemu." Wafanyakazi wa gesti wanalala wanne chumba kimoja, mtoto haruhusiwi, ndiyo maana binti yuko kule. Anapata mapumziko siku moja tu kwa mwezi. "Mwambie nakuja na kile kitambaa cha kijani, nimeshakishona."

Nikaufikisha ujumbe. Msusi akaruka! Lakini Mama Mlezi, msimamizi wa makao, alitusikia. Akasema taratibu, bila ubaya, kwamba mwezi huu kutembelewa hakuna, kuna hafla. Geti litafungwa hadi wageni waondoke.

Nikamuuliza kwa nini wazazi wasikae tu ukumbini nasi.

"Mwanangu, wageni wakiona wazazi wanachanganyikiwa."

Msusi alichukua ufagio. Alikwenda kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana usiku nilizungumza na Baba. Kwa adabu zote. Nilisema: Baba shikamoo, naomba hafla iwe Jumapili. Nikamweleza yote. Alikuwa anajaribu kofia mbele ya kioo.

Akasema yatima si lazima awe amefiwa. Ni hali ya moyo.

Hali ya moyo!

Nikamwambia mama yake Msusi ndiye anayemfulia mashati yake. Akasema tusichanganye huduma na mambo ya gesti. Mama akaingilia: nisimwaibishe baba yangu ugenini. Shangazi akalia, sijui upande wa nani. Kaka akauliza kama huyo Msusi anatoka vizuri kwenye picha.

Mwishowe Baba akasema ataiangalia tena karatasi. Niliomba sana. Nilikuwa na matumaini — mjinga mimi. Asubuhi hii kanirudishia. Kabadilisha neno moja kwa kalamu nyekundu. *Karibu hana mtu duniani.* Na jina la Msusi amelijaza mwenyewe.

Dobi sijamwambia. Nilimkuta anapiga pasi kitambaa cha kijani. Ningeanzia wapi?

Jumamosi, 9 Agosti

Naandikia kwenye kibanda cha mlinzi. Nilisema nakwenda msalani.

Dobi yuko nje ya geti. Amefika saa tatu, sasa ni saa tano kasoro. Nimemwona kwenye kidirisha, gauni la kijani, mfuko mkononi. Kumbe kitambaa kimekuwa magauni mawili, lake mwilini na la binti yake mfukoni! Mlinzi anasema ana amri, hafungulii mtu mpaka wageni waondoke, au waseme wenyewe.

"Wageni ni sisi," nimemwambia.

Amenitazama fulana. Amesoma kifuani. Wiki nzima hakuna aliyetukatalia kitu hapa — viti, maji, wimbo mara tatu kwa ajili ya kamera. Nikasema, "Mimi ni mgeni, na nasema fungua."

"Ukiulizwa?"

"Nitajibu."

Akafungua! Lakini kitabu cha geti kwanza. Dobi anaandika taratibu, herufi za kusimama. Anakwenda kwa nani: jina la binti yake. Uhusiano: Mama. Safu ya mwisho, aliyeruhusu. Hapo nimeandika mimi jina langu, lote, pamoja na la Baba.

Kipaza sauti kinakoroma. Baba ameanza. Watoto hawa, anasema, ambao hawajui maana ya mama. Kisha ananiita mbele, mimi na rafiki yangu. Sasa ananiita tena. Kwenye mlango wa ukumbi namwona Msusi amesimama peke yake, anashika fulana ya njano waliyomvalisha, ananitafuta kwa macho. Huku bado hajatazama.

Karatasi ya Baba ninayo mfukoni. Dobi anapangusa vumbi la viatu kwa kiganja. Ananiuliza kama kola imekaa sawa. Imekaa. Ananiuliza tupitie mlango wa nyuma, asivuruge ibada ya watu?

Nimemwambia wa mbele —